Manyoya ya Jiwe

Daktari alimsikiliza Fundi mgongoni, akamgeuza akamsikiliza kifuani, akaitazama tena picha ya mapafu kwenye kioo chenye taa, kisha akaandika neno moja kwenye cheti na kukigonga muhuri.

"Mzima," alisema. "Hicho kikohozi ni cha koo tu. Miaka ishirini na miwili machimboni, na kifua kama cha mtu wa ofisini. Sijui umeponea wapi, lakini shukuru."

Fundi alifunga vifungo vya shati taratibu. Alikuwa amekuja akiwa tayari kwa habari mbaya, na sasa hakujua pa kuiweka ile hofu aliyokuja nayo. Aliyemtuma cheti alikuwa Bosi, mwenye machimbo. Wiki iliyofuata wakaguzi wa serikali wangekuja kuamua kama shimo la chini lifungwe, na Bosi alitaka mchongaji wake wa siku nyingi kuliko wote asimame mbele yao, karatasi mkononi, aseme kwamba vumbi la jiwe la kijani halijamfanya kitu.

Kwenye benchi karibu na mlango alikaa mkewe. Mtaani walimwita Mama Pacha, kwa ajili ya mabinti wao wawili wa miaka minane. Alikuja kumsindikiza mumewe tu, na tangu wapande zile ngazi za zahanati alikuwa hajasema neno. Mkono mmoja ameuweka ubavuni. Alihema kwa kinywa, kimyakimya, kama mtu anayezuia kicheko mahali pasipofaa kucheka.

Daktari aliweka kalamu chini. "Na wewe mama, unahema hivyo siku zote?"

"Ni ngazi, daktari. Na mwili nao umeongezeka."

"Mwili upi?" daktari aliuliza, maana Mama Pacha alikuwa mwembamba kama ufito. "Hebu sogea hapa."

Alimsikiliza yeye kwa muda mrefu kuliko alivyomsikiliza Fundi. Alimpeleka chumba cha picha. Baada ya saa nzima waliitwa tena ndani, na picha mbili zikawa zimening'inia kwenye kioo, ya mume kushoto na ya mke kulia. Fundi hakuwa na elimu ya udaktari, lakini alikuwa mtu wa kusoma mawe, na mtu wa mawe huona mahali palipo tofauti. Picha ya kulia, sehemu ya chini, ilikuwa na ukungu wenye mistari, kama uzi uliovurugika.

"Umewahi kufanya kazi machimboni, mama?"

"Hata geti lao silijui. Mimi nashona nguo nyumbani."

"Na nguo za huyu bwana anafua nani?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Tangu lini?"

"Tangu anioe. Miaka kumi na tisa."

"Unazifuaje?"

Mama Pacha alieleza kwa namna ya mtu anayejua kazi yake. Ovaroli huwezi kuiloweka hivihivi, alisema, maji yatakuwa uji wa kijani na sabuni haitatoa povu. Kwanza unaipiga ukutani. Halafu unaikung'uta kwa nguvu kwenye kile kiua cha nyuma, upande baada ya upande, na mifuko unaigeuza nje, mpaka vumbi liishe. Ndipo unaloweka. Majirani walikuwa wakimsifu kwa jinsi nguo za Fundi zilivyotakata.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu nao, na Fundi akajua kwamba daktari akivuta kiti mambo yameharibika.

"Haya ni makovu," alisema. "Lile jiwe lina nyuzi ndogo kuliko unywele. Zikiingia kwenye mapafu hazitoki, na mapafu yanajikaza kuzizunguka. Dawa ya kuyarudisha kama yalivyokuwa sina. Ninachoweza ni kukusaidia usizidi kuumia."

"Lakini mimi ndiye ninayelikata," Fundi alisema. "Mimi ndiye niko nalo kutwa nzima."

"Miili haifanani. Na wewe uko kwenye upepo. Mwenzako alikuwa amefungiwa nalo kwenye kiua."

Fundi aliitazama tena picha ya kulia. Alikuwa na swali moja na lilimwia gumu kutoka. "Watoto je?"

"Wanakuwa wapi mama akikung'uta?"

Mama Pacha alimtazama mumewe. Kila jioni wale pacha walimsubiri baba yao kwenye kona ya barabara. Aliyemfikia kwanza alipata shati, wa pili alipata mguu wa suruali, na wote wawili walijifuta nyuso humo huku wakicheka.

Walishuka ngazi bila kushikana. Barabarani Mama Pacha alisema, "Cheti umekichukua?"

"Ninacho."

"Usikikunje. Bosi alisema kisikunjwe."

*

Machimbo yalikuwa na mashimo mawili katika kilima kimoja. Shimo la juu lilitoa jiwe zito la kijani kibichi, gumu kiasi, lililokatwa mabamba makubwa ya ngazi za mabenki na kaunta za majikoni. Shimo la chini lilitoa jiwe laini zaidi, la kijani cha jani changa, lenye mishipa myeupe. Hilo ndilo lililopendwa na wateja. Ukilipiga msasa wa maji linang'aa kama ngozi ya nyoka aliyejivua gamba juzi, na ukipitisha kiganja juu yake utadhani limepakwa sabuni. Fundi alilichonga mabeseni ya kunawia, vinara vya taa, na sanamu za ndege ambazo watu walizinunua kabla hajazimaliza.

Ile mishipa myeupe wachongaji waliiita manyoya. Ukiikwangua kwa ukucha inachambuka nyuzinyuzi, laini kama pamba, na moto hauichomi. Zamani walipokuwa vijana walifanya mchezo wa kuishika juu ya kibiriti na kuwashangaza wageni.

Fundi alimkuta mtaalamu wa miamba wa pale kwenye kibanda cha sampuli. Alikuwa dada mwenye umri wa kuweza kuwa mdogo wake wa mwisho, na wafanyakazi walimwita Bi Lenzi kwa sababu ya kioo kidogo cha kukuzia alichokivaa shingoni. Ripoti yake ndiyo iliyowaita wakaguzi, kwa hiyo watu wengi pale hawakumsalimu. Fundi mwenyewe alikuwa amepitisha mwezi mzima bila kumsalimu.

"Shikamoo, kaka Fundi," Bi Lenzi alisema, kwa tahadhari.

"Marahaba. Nataka unieleze hili jiwe. Si kwa maneno ya ripoti. Nieleze kama mtu wa kazi."

Bi Lenzi alichukua vipande viwili kutoka kwenye rafu. Kimoja kilikuwa cheusi na kizito. "Mwanzoni lilikuwa hivi. Mwamba wa chini kabisa, chini ya sakafu ya bahari, mahali pa moto. Ardhi iliposukumana ukapasuka, maji yakapenya kwenye nyufa. Maji na moto, kwa miaka isiyohesabika. Jiwe likayanywa yale maji, yakawa sehemu ya mwili wake. Likavimba, likalainika, likageuka kijani." Aliweka kile kipande cha kijani kwenye kiganja cha Fundi. "Baadaye ardhi ikalipandisha hadi hapa kilimani. Vitabuni linaitwa serpentini."

"Na manyoya?"

"Jiwe lilipopasuka tena, nyuzi zikaota ndani ya ufa. Si kila mahali. Shimo la juu nimepima sampuli arobaini, sijaona nyuzi. Ukikata kule kwa maji, jiwe halina neno. Shimo la chini nyuzi zimejaa, na ile mashine mpya inakata kavu."

Fundi alikizungusha kile kipande. Alikuwa amelipenda jiwe hili kama mtu anavyopenda mnyama wa kufugwa, kwa kuzoea tabia zake. Alijua litapasuka wapi kabla hajagusa patasi. Kumbe alijua nusu tu.

"Vumbi lake," alisema, "linaweza kupanda nguo likafika nyumbani kwa mtu?"

Bi Lenzi alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Linafika," alisema. "Nani anaumwa, kaka?"

Fundi alirudisha jiwe kwenye rafu, akaaga.

*

Bosi alifika nyumbani kwao Jumamosi mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alikaa kwenye kile kiti kimoja chenye mto, akasifu mashine ya cherehani ya Mama Pacha, akasifu ukuta. Alikuwa mtu wa maneno matamu, na asingekuwa tajiri watu wangesema ni mkarimu.

"Cheti nimekiona, ndugu yangu. Safi kabisa. Nakutaka uvae shati jeupe siku hiyo. Wataketi hapa, wewe utasimama hapa. Watakuuliza miaka, utawajibu. Watakuuliza afya, utawapa karatasi. Basi. Sikwambii useme uongo."

"Ndiyo, Bosi."

"Na wakiondoka, unyapara ni wako. Utakaa na daftari, patasi waachie wengine."

Mama Pacha aliingia na sinia ya chai. Kutoka jikoni hadi pale ni hatua kumi, lakini alisimama mlangoni, akaegemea mwimo, akavuta pumzi.

"Vipi shemeji, unahema kama uliyefukuzwa na mbwa," Bosi alisema akicheka. "Au Fundi ametuletea pacha wengine?"

Mama Pacha naye alicheka, kwa heshima ya mgeni. Aliweka sinia mezani, akamimina chai bila kumwaga hata tone, akarudi jikoni. Fundi aliangalia chini. Bosi alikunywa chai yote, akaomba nyingine.

Alipoondoka, Fundi alimfuata mkewe jikoni. Akamkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Sitaenda kusema," alisema Fundi.

"Utaenda." Mama Pacha hakuinua uso. "Kwani utakuwa umedanganya nini? Wewe ni mzima. Waambie hivyo."

"Na wewe?"

"Mapafu yangu yatarudi ukisema? Shimo likifungwa wanaume kumi na mmoja watakaa nyumbani. Msumeno, yule mkata mawe wa mashine, na mke wake, na watoto wake watano. Watasema ni nani amewafunga? Ni mimi, kwa kifua changu." Alipumzika, akaendelea. "Halafu nitakuwa yule mgonjwa. Nikienda kununua chumvi watanisogezea kiti. Sitaki kusogezewa kiti. Usinitaje pale, Baba Pacha. Nakuomba hilo tu."

Fundi alisimama akitazama ovaroli yake iliyokuwa kwenye kamba, safi, imekunjuliwa mikono. Tangu siku ile ya zahanati alikuwa akiifua mwenyewe, kwa maji tangu mwanzo, na kila mara ilibaki na madoa. Mke wake alikuwa ameirudia kwa siri.

"Sikutaji," alisema.

*

Siku ya wakaguzi uwanja wa machimbo ulimwagiwa maji tangu alfajiri, vumbi lote likalala. Mashine ya kukatia ilifunikwa turubai jipya. Bosi alikuwa ameagiza wake na watoto waje wote, wakaguzi waone ni midomo mingapi inakula pale. Wanawake walikaa nyuma kwenye mabenchi, wanaume wakasimama kando.

Mkaguzi mkuu alikuwa mzee mmoja mpole, mwenye miwani ya kamba na viatu vilivyopigwa rangi. Alimsikiliza Bi Lenzi, akamsikiliza Bosi. Kisha wakamwita Fundi, naye akasogea na shati lake jeupe.

"Umekuwa hapa muda gani?"

"Miaka ishirini na miwili, mheshimiwa."

"Shimo gani?"

"Mingi ni shimo la chini."

"Na afya yako?"

Fundi alitoa cheti. Mkaguzi alikisoma, akamkabidhi karani, na Bosi akaegemea kiti chake kwa raha. Msumeno aliwakonyeza wenzake.

"Asante," alisema mkaguzi. "Unaweza kukaa."

Fundi hakukaa. Aliwaona mabinti zake wakiwa wamejibanza kwa mama yao, kila mmoja upande wake, nyuso zao kwenye nguo yake.

"Mheshimiwa, hicho cheti ni cha kweli," alisema. "Lakini ni cha mtu mmoja. Vumbi langu sikubaki nalo mimi. Kila jioni nililibeba nyumbani, begani, mifukoni, kwenye pindo la suruali. Mkitaka kujua limefanya nini, msiniulize mimi. Muulizeni anayefua nguo."

"Hilo halikuulizwa," alisema Bosi.

"Sasa nauliza," mkaguzi alisema. Alivua miwani. "Anafua nani?"

Fundi alifungua kinywa. Akauona uso wa mkewe, umekakamaa, umemkazia macho. Akafunga kinywa.

"Hilo siwezi kulisema mimi, mheshimiwa."

Karani alishika kalamu hewani. Bosi alikohoa, akaanza kusema kwamba waendelee na ratiba, na hapo ndipo Mama Pacha aliposimama. Aliwaacha watoto kwenye benchi, akapita katikati ya watu. Njiani alisimama mara moja, akashika bega la mtu asiyemjua, akapumua, akaendelea. Watu walimpisha.

"Shemeji, usijisumbue, kaa," alisema Bosi.

"Nimekaa sana," alisema Mama Pacha. Akamgeukia mkaguzi. "Nguo nafua mimi."

"Sema taratibu, mama."

"Siwezi kusema namna nyingine."

Alisema yote. Jinsi anavyozipiga ukutani, jinsi anavyogeuza mifuko. Kwamba zamani aliimba akifua, sasa hawezi kufua na kuimba kwa pamoja. Kwamba akimbeba mtoto mmoja hadi kitandani lazima akae kabla ya kumfuata wa pili. Hakulia, wala hakumtazama Bosi. Alitaja jina la zahanati na tarehe ya picha, kwa kuwa alijua karani angependa tarehe.

"Wengine wanaofua nguo za shimo la chini ni nani?" mkaguzi aliuliza.

Wanawake walitazamana. Waume zao nao waliwatazama. Mwanamke mmoja mzee, mama wa mchimbaji, alisimama. Akafuata mwingine, aliyesema kwa sauti ya kujitetea kwamba yeye haumwi chochote lakini anafua. Mke wa Msumeno alianza kuinuka, na mumewe, aliyekuwa amesimama nyuma ya benchi, akamwekea mkono begani. Akakaa.

"Wawili na wewe, watatu," mkaguzi alisema. Alivaa miwani, akaandika mwenyewe, hakumwachia karani.

*

Shimo la chini lilifungwa kabla mwezi haujaisha. La juu liliendelea, kwa masharti: kukata kwa maji, na nguo za kazi kubaki kazini na kufuliwa hukohuko. Wanaume kumi na mmoja walirudi nyumbani, Msumeno akiwa wa kwanza kwenye orodha. Fundi hakupewa unyapara. Hakufukuzwa pia, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuchonga beseni bila kulipasua, lakini Bosi hakumwita tena ndugu yangu. Alimwita wewe.

Nyumbani mambo hayakunyooka haraka. Kwa siku tatu Mama Pacha alizungumza na mumewe kupitia watoto: mwambieni baba chakula tayari, muulizeni baba kama ana sindano ya kiatu. Siku ya nne alimwekea sahani mbele yake mwenyewe.

"Hukunitaja," alisema.

"Sikukutaja."

"Lakini uliufungua mlango ukaniacha nimesimama kizingitini. Ningebaki nimekaa, ningejiona vipi mbele ya wale watoto?"

Fundi alifikiri. "Nilikosea," alisema. "Na nikirudishwa pale nitakosea vilevile."

"Najua," alisema Mama Pacha. "Hilo ndilo linaloniudhi." Na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akatabasamu kidogo, akamwongezea mchuzi.

Pacha walipimwa. Vifua vyao vilikuwa safi, ila daktari aliagiza warudi kila mwaka, kwa miaka mingi, kwani nyuzi zile hujificha. Walijifunza kumsubiri baba yao ndani, mpaka aoge. Dukani watu walimsogezea Mama Pacha kiti, kama alivyoogopa, na baadhi hawakumsalimu kabisa. Mke wa Msumeno alikuwa mmoja wao. Wakikutana bombani aliangalia upande, akabeba ndoo yake na kuondoka kabla haijajaa.

Kwa hiyo Mama Pacha alishangaa, siku moja baada ya chakula cha mchana, kumkuta mwanamke huyo amesimama mlangoni na bahasha kubwa ya kahawia kifuani. Hakuingia ndani. Alisalimia, akasifu kitambaa kilichokuwa kwenye cherehani, akauliza hali ya watoto. Mama Pacha alijibu yote, akasubiri.

"Nilipigwa picha juzi," mke wa Msumeno alisema hatimaye. "Kesho daktari ananisomea. Baba watoto ameenda kutafuta vibarua, hayupo. Hata angekuwepo." Aliigeuza ile bahasha. "Nimekuja kukuuliza kama utakuwa na nafasi. Twende wote."

"Nafasi ninayo," alisema Mama Pacha. "Ila tutoke mapema. Mimi mwendo wangu ni wa polepole, nitakuchelewesha."

Mke wa Msumeno aliegemea mwimo wa mlango. Kutoka kwake hadi pale palikuwa ni kuvuka barabara tu.

"Hutanichelewesha," alisema, akapumzika kabla ya kumalizia. "Siku hizi hata mimi natembea hivyohivyo."